Mwanangu, kabla hujapewa muhuri

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na baba yako ameniachia mimi nikujibu kwa sababu anasema mambo ya zege na sahihi ni ya kwangu. Umeniuliza swali la wazi: unamalizia miaka mitatu ya mafunzo ya vitendo chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na sasa umepata nafasi ya shahada ya uzamili Uingereza, je, ungoje kwanza usajiliwe hapa kuwa mhandisi mtaalamu, au uondoke sasa, ufanye kazi huko na uitafute hadhi yao ya juu, ile inayomruhusu mtu kuandika CEng, yaani Chartered Engineer, baada ya jina lake? Nimelitafakari, na kila ninapoanza kulijibu najikuta nataka kukuuliza jambo lililo jirani yake: siku utakapokabidhiwa muhuri wa mhandisi wa kuidhinishia kazi, popote utakapokabidhiwa, utaugonga juu ya kazi uliyoiona au juu ya kazi uliyosimuliwa?

Unajua ninachokiamini, maana umekisikia tangu ukiwa sekondari: asiyeiona kazi asiitie sahihi. Kilikotoka ni kwenye lile kalvati, kile kivuko cha zege cha kupitishia maji chini ya njia ya kwenda kwa bibi yako, upande wa Mpwapwa. Wewe na ndugu zako mnalijua kwa sababu baba yenu hupunguza mwendo kila tunapolivuka, lakini sidhani kama nimewahi kuwaeleza habari yake yote.

Nilikuwa fundi sanifu wa maabara, kazi yangu ikiwa kupima udongo, kokoto na zege. Zege la kitako cha kalvati lile lilimwagwa adhuhuri, katika upepo wetu mkavu unaonyonya maji kabla koleo halijageuzwa, na vibarua, ili wapate wepesi wa kulisukuma kati ya nondo, wakawa wanaongeza maji ndoo baada ya ndoo. Nilijaza ile koni ya chuma ya kimo cha sentimita 30, ya kupimia kama zege lina maji mno, nikaiinua, na zege likatawanyika juu ya bati kama uji. Mchanga wenyewe ulikuwa umechotwa korongoni na udongo wake wote, haukuoshwa. Niliandika nilichokiona, saa yake, na sehemu ya kitako, kisha nikatengeneza michemraba ya milimita 150 kila upande, ya kuvunjwa kwa mashine baada ya siku 7 na baada ya siku 28 ili kupima nguvu ya zege. Ile ya siku 7 ilivunjika kwa nguvu ndogo kuliko iliyotarajiwa, nayo nikaiandika.

Fomu ilirudi kutoka mjini ikisema zege limekubaliwa, na chini yake ilikuwapo sahihi ya mhandisi ambaye hakuwahi kukanyaga korongo lile. Nilipouliza, niliambiwa mbele ya vibarua, "Wewe kazi yako ni kuandika, kusaini tunasaini sisi." Mwanangu, nimelea, nimezika wazazi wangu, nimestaafu, na maneno hayo bado yananichoma. Cheo changu nilikuwa nakijua na sikutaka cha mtu. Kilichoniuma ni kuona kwamba aliyeona hakuwa na sauti, na aliyekuwa na sauti hakutaka kujua kilichoonekana.

Kisha akaja mhandisi kijana kutoka kwa mshauri wa mradi, aliyekuwa hajamaliza hata mwaka tangu asajiliwe, na badala ya kuomba fomu akaomba daftari langu. Alilisoma akiwa amesimama juani, akanitaka nimpeleke mahali nilipopaandika, akagonga kwa nyundo, akasikiliza. Aliagiza vipande vikatwe kwenye zege lenyewe vikapimwe, na majibu yalipokuja chini ya kiwango akaandika amri ya kubomoa. Mkandarasi alifoka, akataja gharama, akataja mvua zilizokuwa zinakaribia. Kijana hakupandisha sauti. Alisema jina litakalobaki kwenye kumbukumbu za kalvati lile ni lake, na kwa zege lile hawezi kuliweka. Kitako kilivunjwa na kumwagwa upya alfajiri, mchanga ukiwa umechekechwa na kuoshwa, maji yakiingia kwa kipimo, na zege likafunikwa magunia yaliyoloweshwa kila siku. Alinitaka niandike jina langu kwenye kumbukumbu za siku ile karibu na la kwake. Furaha niliyoipata asubuhi ile ninayo hadi leo.

Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalipoharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe, kulekule Mpwapwa, hata treni zikasimama, kalvati letu lilibaki. Siwezi kuapa kwamba kitako cha kwanza kingechukuliwa na maji. Zege dhaifu huweza kukaa miaka mingi bila kudaiwa. Na yule mhandisi wa mjini nimtendee haki: alikuwa na kazi nyingi, na hakuna binadamu awezaye kusimama juu ya kila kitako. Wewe mwenyewe ukifika ngazi ya mhandisi mshauri utaweka sahihi kwenye kazi za watu wengi ambao hutawaona wakizifanya. Basi labda niilegeze kauli yangu kidogo: asiyeiona kazi amsome aliyeiona. Daftari lilikuwapo. Lakini hata nikiilegeza hivyo, moyo wangu unarudi palepale: asiyeiona kazi asiitie sahihi.

Kuhusu hadhi zenyewe, nimezilinganisha kadiri ninavyozielewa. Kwetu, kwa sheria ya 1997 iliyochukua nafasi ya ile ya 1968, mtu haruhusiwi kufanya kazi ya uhandisi pasipo kusajiliwa. Uingereza si hivyo: neno mhandisi yeyote aweza kujiita, na ukiacha kazi chache kama mabwawa makubwa, hadhi unayoitaka hutafutwa kwa hiari. Taasisi yao ya wahandisi ujenzi ya London ilianzishwa mwaka 1818 ikapewa hati ya kifalme mwaka 1828, na bado inamkalisha mwombaji mbele ya wahandisi wazoefu, aeleze yeye mwenyewe aliamua nini na kwa sababu gani. Hilo linanivutia sana. Yule kijana angelijibu vizuri. Upande mmoja najiambia kwamba anayejipeleka kupimwa bila kulazimishwa na sheria ndiye aliyeipenda kazi. Upande wa pili namfikiria mkulima wa Gulwe, ambaye hatauliza herufi zilizo baada ya jina la mtu, na anayelindwa na ile sheria yetu tu.

Tena kuna mvua. Mvua yetu ya Dodoma ni ndogo kwa mwaka, lakini huja kwa miezi michache, juu ya ardhi iliyo wazi, na korongo lililokuwa kavu asubuhi huweza kung'oa daraja jioni. Elimu ya uzamili itakupa hesabu nzuri za maji kuliko nilizowahi kuziona, na sitaki uzikose. Ila hesabu hizo utazipima wapi?

Ninajua pia kwamba kuna jambo langu linaloingia katika barua hii. Nilistaafu bila haki ya kusaini, na natamani kuliona jina lako kwenye orodha ya Bodi, nikusikie ukila kiapo Siku ya Wahandisi nikiwa bado na nguvu za kufika ukumbini. Tamaa hiyo ni yangu, isiwe mzigo wako. Kwa hiyo sitakuambia uende au ubaki, ingawa kalamu inanisukuma na huenda umeshaona inakoelekea. Atakayesimama mbele ya wasaili, wa hapa au wa huko, ni wewe.

Ninachokuomba ni hiki. Katika miezi iliyobaki, mwombe msimamizi wako akuachie kazi moja ya zege uisimamie tangu mchanga unaposhushwa mpaka michemraba ya siku 28 inapovunjwa, na uiandike yote kwenye daftari lako la mafunzo. Kisha nitumie nakala, na uniambie chuo kimekupa hadi lini kuikubali nafasi yako.

Mama yako