Vakyumu haivuti: fundi anajibu

*Fundi, vakyumu (mashine ya kufyonza vumbi) niliyonunua ikiwa imetumika inanguruma ila haiokoti hata uzi. Nimepigwa? (Msomaji, Jinja)*

Pole dada, huenda hujapigwa. Chomoa plagi ukutani kwanza. Kuzima swichi ya mashine hakutoshi: umeme wetu ni volti 240, na brashi ikizinduka vidole vikiwa ndani, utanikumbuka. Mwaga vumbi au badilisha mfuko. Kisha toa mpira wa kufyonzea kwenye mashine, chomeka, washa kidogo, uweke kiganja kwenye tundu. Ikivuta kwa nguvu, ugonjwa uko kwenye mpira au bomba. Isipovuta, kagua kichujio.

Chomoa plagi tena. Nyoosha mpira, dondosha sarafu ya shilingi 500 upande mmoja. Isipotokea upande wa pili, umempata mwizi. Sukuma kwa mti wa fagio, ncha butu, ukirudisha uchafu kule ulikoingilia. Ukisukuma mbele unaushindilia tu. Mara nyingi hutoka soksi ya mtoto, au rasta za kusukia zilizojiviringa. Zile za kwenye brashi zikate kwa mkasi.

*Mume wangu alizibua kwa waya wa kutundikia nguo. Sasa mpira unavuja hewa. (Entebbe)*

Waume zetu na waya! Ncha imetoboa plastiki. Tundu dogo lizibe kwa utepe mpana huku ukitafuta mpira mwingine. Lakini kama brashi ya mashine yenu huzungushwa na umeme, huenda ndani ya mpira huo mna nyaya. Usiufunge utepe wala kuutumia, badilisha.

*Inazima yenyewe baada ya dakika chache. Jirani anasema ni umeme mdogo. (Mbale)*

Jirani asikusumbue. Hewa inayopita ndiyo hupoza mota. Njia ikiziba, mota hupata joto na kinga yake hukata. Chomoa, iache ipoe nusu saa au zaidi, zibua. Kuwasha na kuzima kwa hasira kutaiua.

*Naweza kufyonza jivu la sigiri? (Kampala)*

Hapana. Kaa moja lililojificha huchoma mfuko, na jivu lililopoa huziba kichujio upesi. Tumia kizoleo.

*Nilifua kichujio, nikakirudisha kibichi, sasa kimekuwa kama tofali. (Arua)*

Vumbi letu jekundu likikutana na maji, ni udongo wa kufinyangia. Kama ni cha sponji, kifue upya kwa maji baridi, kikamue, kianike saa 24 au zaidi siku za mvua. Cha karatasi hakifuliwi, mzee wangu; hicho kishakwenda.