Jibu: Masikio kuuma wakati wa kupiga mbizi

Ndugu, umeuliza kwa nini masikio yanakuuma ukiwa mita mbili tu chini ya maji katika bwawa la mazoezi huko Kisumu, kabla hata hujaenda kuzamia Watamu. Mita 10 za kwanza ndizo ngumu zaidi, kwa kuwa humo shinikizo huongezeka karibu maradufu na hewa iliyo nyuma ya kiwambo cha sikio husinyaa. Bana pua kwa vidole, kisha sukuma pumzi taratibu kuelekea puani, ukianza ungali juu ya maji na kurudia mara kwa mara kabla maumivu hayajaja. Sikio likikataa kufunguka, usilazimishe kamwe. Panda kidogo, kisha ujaribu tena kushuka, miguu ikitangulia. Ukiwa na mafua, nakusihi uahirishe.