Tairi Likiingia kwa Urahisi, Ogopa

Jana asubuhi nilimkuta kijana wetu mpya amelikalia gurudumu kama mtu anayechinja mbuzi. Goti kwenye spoki, bisibisi mbili mkononi, jasho linamtiririka, na kando yake tyubu mbili mpya zimeshatobolewa. "Fundi, hili tairi ni gumu kweli," akaniambia. Tairi limeandikwa 26 x 1.75. Rimu ni ya baiskeli ya Raleigh ya kike, ya 26 x 1 3/8. Angeleta hata winchi ya kuvutia malori lisingeingia, maana rimu imelizidi tairi kwa milimita 31.

Sikumgombeza. Nilimwagizia chai na mandazi, nikamwonyesha. Lakini huyu ni wa nne mwaka huu, na wiki iliyopita niliwaona wanagenzi wa karakana ya jirani hapa Kariobangi, Nairobi, wakifanya jambo lile lile, huku mwenye baiskeli akiwaangalia. Kwa hivyo naandika, ili atakayekuja kesho akute maneno yamemtangulia.

1. Inchi ni jina la tairi, si kipimo cha rimu. Zamani ile 26 au 28 ilikuwa urefu wa gurudumu kutoka chini hadi juu, tairi likiwa limejazwa upepo. Tairi nene lilitaka rimu ndogo, jembamba likataka rimu kubwa, na yote mawili yakaitwa 26. Kila nchi ikaongeza yake. Leo ukisema "nipe 26" kwenye duka la River Road, muuzaji atakupa iliyo karibu na mkono wake, na hajakukosea.

Soma ubavuni. Kuna nambari mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 37-590. Ya kwanza ni upana. Ya pili ni kipenyo cha mahali waya wa tairi unapokaa ndani ya rimu, kwa milimita, na hiyo ndiyo inayoamua. Tairi la 26 x 1 3/8 la Kiingereza ni 590. La 26 x 1.75, lile la baiskeli za mlima, ni 559. La 26 x 1 1/2 ni 584. La 27 x 1 1/4 ni 630. La Black Mamba, ile baiskeli nyeusi nzito, 28 x 1 1/2, ni 635. Lile la 700C, ambalo wengine nalo hulibandika jina la 28, ni 622. Tena usigeuze sehemu ziwe desimali. Darasani 1.75 na 1 3/4 ni kitu kimoja, lakini kwenye matairi ya inchi 26 moja ni 559 na nyingine ni 571.

2. Tairi likigoma, limekuepusha na balaa. La kuogopa ni lile linaloingia vizuri. Hapa naomba mnivumilie, maana kosa hili ni langu.

Nilikuwa mwaka wa tatu kazini, nimeanza kuitwa fundi na si kijana wa fundi. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kangemi aliniletea baiskeli ya Kiingereza ya gea kumi, aliyoipata kwenye mitumba na kuipenda sana. Rimu zake zilikuwa za chuma, inchi 27. Tairi la mbele lilikuwa limekauka na kupasuka ubavuni hadi nyuzi zikaonekana. Alitaka kuiendesha Jumamosi kwenda mjini kuonana na wenzake aliofundisha nao.

Nilizunguka River Road na vichochoro vyake siku nzima. Tairi la 27 sikulipata popote. Ya 28 x 1 1/2 yalikuwa yananing'inia kila mlango, kwa sababu Black Mamba ndiyo iliyokuwa baiskeli ya nchi hii. Muuzaji mmoja akaniambia, "Beba hili, ni inchi moja tu." Nami nilikuwa nimeshamwahidi Mwalimu. Nikalibeba.

Tairi hilo ni 635 na rimu ile ni 630. Milimita tano. Lingekuwa na tofauti kubwa zaidi lingecheza wazi wazi na mtoto angeona. Milimita tano zinadanganya. Liliingia kwa vidole gumba bila kushika liva ya kubandulia tairi hata mara moja, nami nikafurahi. Likawa pana mno, likakwaruza madigadi ya mbele, nikayafungua madigadi nikayaweka kando. Nilipopiga pampu nikaona limekaa upande: ule mstari mwembamba unaolizunguka tairi juu kidogo ya rimu ulikuwa umezama karibu na valvu, na upande wa pili umechomoza. Nikatoa upepo, nikalikanda kwa viganja, nikajaza tena, safari hii upepo mdogo ili mstari utulie. Ukatulia. Gurudumu lilikuwa limenieleza mara tatu kwamba tairi si lake, na mara zote tatu nikatafuta njia ya kulinyamazisha.

Rimu za chuma za zamani zina kuta zilizonyooka, hazina kulabu ya ndani ya kuushika ukingo wa tairi. Kinacholizuia tairi lisiruke ni waya wake kulingana sawasawa na kipenyo cha rimu. Ukilegea, upepo wote unasukuma kitu ambacho hakijashikwa.

Mwalimu ni mtu mwangalifu. Asubuhi ile, kabla ya kuondoka, aliligusa tairi akaona upepo haujatosha, akaazima pampu kwa jirani akalijaza vizuri. Akashika barabara ya Waiyaki kuteremka kuelekea Westlands. Katikati ya mteremko tairi likapanda juu ya ukingo wa rimu, tyubu ikatoka nje ikapasuka, na tairi likajikunja kati ya foki na gurudumu. Gurudumu likakwama. Yeye akaendelea mbele bila baiskeli.

Binti yake ndiye aliyenipigia simu. Nilimkuta wodini, mtulinga umevunjika, shavu moja limechunika lote. Nilikuwa nimebeba maziwa na ndizi na sikujua pa kuziweka. Hakunitukana. Aliniuliza kama anavyouliza mwalimu:

"Ulisoma ubavuni?"

"Nilisoma, Mwalimu."

"Pameandikwa nini?"

"Ishirini na nane."

"Na rimu?"

Nikanyamaza. Akafumba macho, akasema, "Basi nenda nyumbani, mwanangu." Lile neno mwanangu lilinichoma kuliko matusi ambayo nilikuwa nimejiandaa kuyapokea njia nzima.

Nililipa sehemu ya gharama kidogo kidogo kwa miezi sita. Matairi mawili ya 27 x 1 1/4 niliyapata baada ya miezi minane, nikayafunga bure, nikarudisha na madigadi yake. Mwalimu aliiendesha tena, polepole, mtaani kwake tu. Mkono wa kushoto haujawahi kuinuka tena kupita bega. Najua kwa sababu nikimtembelea namwona akianika nguo kwa mkono mmoja, na kila mara naamka kumsaidia kabla hajaniomba.

Kwa hiyo kijana akija na tairi lililoingia kwa vidole gumba na uso wenye furaha, mimi sifurahi. Namwambia alitoe tulipime.

3. Kupima. Rimu nyingi za zamani hazina nambari, au kutu imeila. Chukua ule mkanda wa plastiki unaofunga mabeli ya mitumba. Soko la Gikomba umetupwa kila mahali. Toa tairi, sugua kutu, zungushia mkanda ndani ya rimu pale waya unapokaa, chini ya ukingo, uulaze bila mkunjo. Weka alama ncha zinapokutana. Unyooshe kwenye futi ya chuma, kisha gawa kwa 3.1416 upate kipenyo. Rimu ya 630 itakupa mzunguko wa milimita 1979, ya 635 itakupa 1995. Unaona? Zile milimita tano zilizonidanganya, ukizizungusha zinakuwa 16, upana wa kidole. Jicho haliwezi kuzikosa.

4. Kwa 26 x 1 3/8, angalia baiskeli za mitumba za Japani, zile za kikapu mbele. Nyingi ni 590 na matairi yake yanakaa kwenye Raleigh bila ugomvi. Lakini tairi lao la 27 x 1 3/8 ni 609, halina undugu na 27 ya Mwingereza. Na tairi la 24 x 1 3/8 la kiti cha magurudumu ni 540. Baiskeli za watoto za zamani za Kiingereza mara nyingi ni 547. Pima kwanza.

5. Hesabu matundu kabla ya kununua rimu. Waingereza wa zamani walipenda spoki 32 mbele na 40 nyuma. Kuna kijana hapa alirudi kutoka mjini na rimu mbili nzuri za matundu 36, amezivaa begani kama mikoba, anaimba. Habu, zile za katikati ya gurudumu zinazoshika spoki, zilikuwa za 32 na 40. Alirudi tena mjini siku hiyo hiyo, kwa miguu, kwa sababu nauli ilikuwa imeishia kwenye rimu. Muuzaji alimbadilishia moja. Ile nyingine bado imening'inia ukutani kwetu, na mwenye habu ya 36 aje tuelewane bei.

6. Habu ya nyuma ya Sturmey-Archer, ile ya Kiingereza yenye gea ndani, ina ekseli ya 13/32 ya inchi, nyuzi za nati 26 kwa inchi. Nati ya milimita 10 itaanza kuingia halafu itakaza. Hapo ndipo uache. Ukiongeza spana umeua ekseli ambayo hutaipata dukani.

7. Breki za vyuma, zile zinazovutwa kwa fito badala ya waya, zinabana upande wa ndani wa rimu, kuelekea spoki. Usimfungie mtu rimu isiyo na bega la ndani la kupokea raba, hata kama kipenyo ni sawa.

8. Kanda la rimu, lile linalofunika vichwa vya spoki, kata kwenye tyubu kuukuu. Kichwa kimoja cha spoki kikichomoza kinakula tyubu mpya kila wiki, na mteja ataamini unamwibia.

Mkanda wangu wa kupimia uko kwenye msumari karibu na mlango. Nimeuchora alama tano kwa wino mweusi: 1756, 1854, 1954, 1979, 1995, na kando ya kila moja nimeandika tairi lake. Uchukueni, pimeni, urudisheni hapo hapo. Asiyeuona aniite, hata kama nina mteja.