Kabla hujaikabidhi roboti pipeti: kwa mnaoanza kazi ya protini Kisumu

Wengi wanaoingia maabara za protini hapa Kisumu hukimbilia programu ya roboti. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Kuiamuru mashine inyonye maikrolita 50 hapa na kuzimwaga pale ni jambo la alasiri moja. Kinachosumbua ni kwamba roboti haijui inanyonya nini. Kwake maji, gliseroli na asetonitrili (kiyeyusho kinachovukiza upesi) ni kitu kimoja mpaka uielekeze vinginevyo.

Kwa hiyo jifunze vimiminika kwanza, tena kwa mkono wako. Gliseroli, ambamo vimeng'enya vingi huhifadhiwa, ni nzito na hung'ang'ania ncha ya pipeti: nyonya polepole, subiri kidogo kabla ya kuinua ncha, na unapoimwaga gusisha ukuta wa kisima, yaani kitundu kimoja cha kisahani cha sampuli. Asetonitrili ina kasoro tofauti. Mvuke wake hujaa ndani ya ncha, ukakisukuma kimiminika, kikaanza kudondoka njiani juu ya sampuli za wenyewe. Joto la Kisumu la saa nane mchana halisaidii. Dawa ni kuilowesha ncha kwa kunyonya na kumwaga mara kadhaa, kisha kuacha hewa kidogo chini ya kimiminika kabla mkono wa mashine haujasogea. Plazma ya damu nayo hupenda kutoa povu; usiipulize hadi tone la mwisho.

Hakikisha kwa mizani. Maikrolita 100 za maji zina uzito wa karibu miligramu 100, basi pima kisahani kikiwa kitupu, kipime tena baada ya roboti kupita. Usiridhike na macho.

Ukitumia chembe za sumaku kusafishia protini, zikoroge kila mara kabla ya kunyonya. Huzama upesi, na usipozikoroga safu ya kwanza ya kisahani na ya mwisho hazitapata kiasi kimoja. Baadaye utaona tofauti kati ya wagonjwa na wazima, udhani ni malaria, kumbe ni mpangilio wa visima. Ndiyo maana pia wagonjwa na wazima huchanganywa ovyo kwenye kisahani; usiwapange nusu kwa nusu hata kama orodha inapendeza hivyo.

Halafu kuna muda. Kazi yenyewe, kukata protini ziwe peptidi (vipande vifupi), mnaijua: urea hukunjua protini, kemikali ya DTT huvunja viungo vya salfa, iodoasetamidi huviziba visiungane tena, na kimeng'enya cha tripsini hukata baada ya asidi amino za laisini na ajinini, kwa kawaida usiku kucha kwenye nyuzi 37. Iodoasetamidi huharibiwa na mwanga, na meza ya roboti mara nyingi ina taa zake. Itengeneze siku hiyo hiyo, funika kisahani kwa foili, uzime taa. Palipo na urea usipandishe joto kupita nyuzi 37, maana urea huzibadilisha protini zenyewe, na spektrometa ya masi, mashine ya kupimia uzito wa peptidi, itakuletea peptidi zenye uzito wa ajabu.

Stima itapotea, na si suala la bahati. Weka betri ya akiba, lakini usiitegemee peke yake: gawa programu vipande, kila kimoja kiishie mahali sampuli zinaweza kungoja. Baada ya asidi kuisimamisha tripsini unaweza kugandisha peptidi na kwenda nyumbani. Katikati ya iodoasetamidi huwezi.

Keratini ya ngozi na nywele zenu itaonekana kwenye matokeo, roboti au bila roboti. Funga nywele, vaa glavu za nitrili, funika mashine isipotumika. Sweta ya sufu nayo hutoa keratini ya kondoo. Ndugu zetu wa Nakuru wana baridi ya kuwatetea, hapa hakuna kisingizio.

Sampuli zikiwa chache, tumia mkono. Roboti inafaa pale unapojaza visahani vizima, wiki baada ya wiki. Na mkipewa mashine ya msaada, ulizeni kwanza bei ya ncha zake na zinachukua muda gani kufika. Ncha za aina moja mara nyingi haziingii kwenye mashine nyingine, na nimeona mashine nzuri kabisa zikikaa chini ya turubai kwa kukosa ncha tu.