Mlango Ulikuwa Wazi

Mwanangu mpendwa,

Unaniuliza kama mteja wako, aliyewaambia polisi neno moja tu, "nilimpiga", na ambaye hakutamka mbele ya hakimu kwamba alikuwa akijihami, anaweza kukata rufaa kwa hoja hiyo. Anaweza, mradi ushahidi uliomo katika mwenendo wa kesi unaonyesha kwamba alishambuliwa. Mshtakiwa hadaiwi jina la utetezi wake; ukijitokeza katika ushahidi, hakimu anapaswa kuupima hata kama hakuna aliyeutaja. Na tangu kesi ya Woolmington ya mwaka 1935 kule Uingereza, si kazi ya mshtakiwa kuthibitisha kwamba hana hatia: hoja ya kujihami ikishajitokeza, ni upande wa mashtaka unaopaswa kuivunja pasipo kuacha shaka ya msingi. Hayo wewe unayajua kuliko mimi. Unauliza ya mteja wako, lakini mimi nasikia ya baba yako mdogo.

Ile nyundo ya mbao iliyo juu ya kabati ingali na alama ya wino ya kielelezo kwenye mpini, na habari yake tumezoea kuisimulia hadi pale yule mtu aliponyakua patasi, kisha mama yako hubadilisha mazungumzo. Yule mtu alikuja kudai kitanda kilichochelewa, naye alikuwa na haki ya kukasirika. Haki ya kushika patasi hakuwa nayo. Baba yako mdogo alimpiga kwenye kifundo cha mkono, patasi ikaangukia kwenye maranda, kisha akampiga tena begani na mtulinga ukavunjika. Kati ya pigo la kwanza na la pili hazikupita pumzi mbili.

Mimi nilikuwa shahidi wake wa utetezi, na mwendesha mashtaka aliniuliza maswali mawili tu. Je, patasi ilikuwa imeanguka kabla ya pigo la pili? Nikajibu ndiyo. Na mlango? Nikajibu, "Mlango ulikuwa wazi." Baba yako mdogo hakuwa na wakili, na hakimu alipomuuliza kama ana swali la kufafanua majibu yangu alitikisa kichwa, kwa kuwa hakujua afafanue nini. Nikashuka kizimbani nikiona fahari kwamba nimesema kweli tupu.

Hakuna aliyeniuliza yule mtu alifanya nini baada ya patasi kuanguka. Aliinama.

Hakimu alimtia hatiani kwa sababu ya mlango, kwamba aliyeweza kuondoka akabaki hakuwa akijihami bali alikuwa akipigana. Katika rufaa, hilo lilianguka mapema. Wakili tuliyempata wakati huo aliitegemea kesi ya Bird ya mwaka 1985, ya msichana aliyekuwa akisherehekea miaka 17, ambaye katika ugomvi na aliyekuwa mpenzi wake alimpiga kwa mkono ulioshika glasi, na kijana akapoteza jicho. Wazee wa baraza waliambiwa kwamba ilimpasa kwanza kuonyesha kuwa hataki kupigana, na mahakama ya rufaa ya Uingereza ikaifuta hatia hiyo, ikieleza kwamba kurudi nyuma au kutorudi ni jambo mojawapo la kupima, wala si sharti. Nilipolisikia hilo nilidhani neno langu limesamehewa.

Lakini jaji alikuwa makini, na mpaka leo namheshimu kwa shingo upande. Kesi ya Okeno ya mwaka 1972 inaitaka mahakama ya kwanza ya rufaa iupime upya ushahidi wote, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wala kuwasikia, naye alifanya hivyo hasa. Alikubali kwamba pigo la kwanza lilikuwa halali. Alikubali pia lile lililosemwa katika rufaa ya Palmer, iliyotoka Jamaica ikaamuliwa London mwaka 1970, kwamba aliyevamiwa hawezi kupima nguvu zake kwa mizani ya sonara. Kisha akasoma jibu langu la kwanza: silaha ilikuwa chini. Pigo la pili, akasema, halikumzuia mtu yeyote. Akaacha hatia kama ilivyo, akapunguza adhabu, na baba yako mdogo akatoka jioni ile ile akiwa mkosaji.

Nimekwambia mara nyingi kwamba karatasi haitetemeki. Mimi nilitetemeka kizimbani, na ndani ya kutetemeka kule mlikuwa na mgongo wa mtu ukishuka, lakini karani aliandika "ndiyo" tu. Nilitaka niitwe tena. Wakili akanieleza kwamba ushahidi wa nyongeza haupokelewi kirahisi kama ungeweza kutolewa tangu mwanzo, nami nilikuwa pale pale mahakamani, mzima, mwenye macho.

Ningeapa kwamba aliinama kuokota patasi. Lakini mtu aliyepigwa kifundo hujikunja pia, tena bila kukusudia. Hapana, mkono ulitangulia, niliuona. Ila kila nikikumbuka ni mkono wa kushoto, na patasi alikuwa ameishika kwa kulia. Huo wa kushoto ungeweza kuifuata patasi, na ungeweza vilevile kukifuata kifundo kilichoumia. Kama ningeulizwa siku ile, ningejibu bila kusita, na labda ningekosea. Katika shtaka la kumuumiza mtu, utetezi huu haugawanyiki nusu kwa nusu: nguvu ikizidi, unaanguka wote. Karatasi haitetemeki, mwanangu, lakini sina hakika kwamba mimi ningeiandika vizuri zaidi.

Ukinibana sana nitasema baba yako mdogo hakukosea. Usinibane. Yeye mwenyewe hajawahi kuniuliza nilichoona, na sijui kama ni kwa upole au kwa hasira.

Nitumie nakala ya ukurasa ambao shahidi wa utetezi wa mteja wako anadodoswa, pamoja na ule unaofuata, nione kama aliulizwa tena. Nitausoma kabla hujaandika sababu zako za rufaa.

Baba yako