Maswali ya Wasomaji: Maneno ya Kuuza Yanatoka Wapi?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu ana bidhaa nzuri, ana kazi ya kuiandikia tangazo, na mawazo hayaji. Tumechagua tano.

Nimepewa kazi ya kuandika tangazo la kiti cha kufanyia kazi, kwa watu wanaoshinda mbele ya kompyuta. Siku ya pili leo, na nilichopata ni "kiti bora, starehe isiyo na kifani." Naona kabisa kwamba maneno haya hayamgusi mtu, lakini mengine hayaji. Nifanyeje?

Ukikaa kuandika kabla ya kukusanya chochote, akili hukupa kile ilichokwisha kukisikia mara mia, na msomaji naye amekisikia mara mia. Usijilaumu kuwa huna kipaji. Ghala lako ni tupu. Lijaze kwanza. Kwa andiko la kurasa mbili, tunashauri nusu ya muda wako wote uishie kwenye kukusanya, kabla hujagusa hata kichwa cha tangazo.

Anza na kiti chenyewe. Kikalie siku nzima ya kazi. Dakika tano hazitakuonyesha kitu. Kitoe kwenye boksi na kukiunganisha mwenyewe, ukiandika dakika ulizotumia na skrubu iliyokusumbua. Pima kikalio kinaposhuka kabisa na kinapopanda kabisa, uzito kinaobeba, unene wa sponji. Sikiliza magurudumu juu ya sakafu ngumu. Yaandike yote, hata unayodhani hayana maana, kwa kuwa bado hujui lipi litakufaa.

Kisha nenda kwa wateja, na huko ndiko kwenye utajiri. Soma maoni 50 hadi 100 ya watu walionunua viti vya aina hiyo, vyako na vya washindani wako. Maoni ya nyota tano mara nyingi husema "safi sana" yakaishia hapo, na ya nyota moja mara nyingi hulalamikia mzigo uliochelewa. Ya nyota tatu na nne ndiyo mazito: mtu anapima, anakwambia hiki kimemfaa na kile kimemkera. Gawa ukurasa wa daftari safu nne: hali yake kabla ya kununua, alichojaribu kikashindikana, alichokiogopa kabla ya kulipa, na kilichobadilika baadaye.

Nakili maneno yake kama yalivyo, na makosa yake yote. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi. Mteja ameandika, "ikifika saa tisa mchana nahamia kitandani na kompyuta," nao kwenye daftari wanaandika "maumivu ya mgongo." Wametupa kiini wakabaki na ganda. Mgongo unauma kwa kila muuza viti. Yule mtu anayebeba kompyuta kwenda kitandani saa tisa ni picha ambayo msomaji wako atajiona ndani yake.

Ukipata wateja watano hadi saba wa kuzungumza nao, nusu saa kila mmoja, usiiache nafasi hiyo. Usiulize "umekipendea nini?" kwa sababu atakupa jibu la adabu. Uliza: siku ulipoamua kutafuta kiti kipya, nini kilikuwa kimetokea? Ulikuwa umejaribu nini kabla yake? Nini kilikufanya usite kulipa? Halafu nyamaza. Mara nyingi mtu hutoa jibu fupi, akakaa kimya kidogo, kisha akasema lile hasa ulilolifuata. Ukitaka kutumia maneno yake na jina lake kwenye tangazo, mwombe ruhusa.

Mtu mwingine wa kumkalisha chini ni yule anayepokea simu za wateja. Swali analoulizwa kila siku ni aya inayokosekana kwenye tangazo.

Mfano mashuhuri wa kazi hii ni tangazo la gari la Rolls-Royce la mwaka 1958, lililoandikwa na David Ogilvy, mwandishi wa matangazo. Kichwa chake kilisema kwamba gari hilo likienda maili 60 kwa saa, kelele kubwa kuliko zote ndani yake hutoka kwenye saa yake ya umeme. Ogilvy alitumia wiki tatu kusoma habari za gari hilo, na jambo lile la saa alilikuta limeandikwa na mhariri wa jarida la magari aliyelijaribu. Wengine walilisoma wakapita.

Bidhaa yetu haina tofauti yoyote na za wenzetu. Malighafi ni zilezile, kiwanda ni kama vya wenzetu, bei zinakaribiana. Nitaandika nini cha pekee bila kusema uongo?

Nenda kiwandani, utazame kazi tangu mwanzo hadi mwisho, uulize "kwa nini mnafanya hivi?" kila hatua. Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo wa Marekani, alipopewa kazi ya bia ya Schlitz ya mji wa Milwaukee, mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni zote za bia zilikuwa zinapiga kelele kwamba bia yao ni safi. Alikwenda kiwandani. Kama alivyosimulia baadaye, alionyeshwa vyumba vya vioo ambamo bia ilipozwa kwa hewa iliyochujwa, mashine zilizosafisha kila chupa mara nne, na visima virefu vilivyochimbwa ingawa ziwa lilikuwa jirani. Akawauliza kwa nini hawawaambii watu. Wakamjibu kwamba kila mtengeneza bia anafanya hivyohivyo. Hopkins akayaandika yote hayo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa ameyasema.

Somo la kuchukua kwake lina mpaka wake. Unaruhusiwa kueleza jambo la kweli ambalo wenzako hawajalieleza. Huruhusiwi kusema kwamba ni wewe peke yako unayelifanya, kama si kweli. "Kila mshono tunauvuta kwa mashine kabla haujatoka" ni sawa. "Sisi pekee ndio tunaojaribu kila mshono" ni uongo, na utakugharimu siku mshindani atakapokujibu hadharani.

Ukiwa kiwandani, tafuta namba, tafuta kinachotupwa, na umtafute mtu mwenye kazi ya kukataa bidhaa mbovu. Bidhaa ngapi kati ya mia hazipiti ukaguzi? Zinakataliwa kwa kasoro gani? Kinachokataliwa humwonyesha mnunuzi kiwango chenu bila ninyi kutaja neno "ubora."

Nikiandika vichwa viwili au vitatu naishiwa. Nasikia wengine huandika 20. Wanavitoa wapi?

Wanabadilisha mlango wa kuingilia. Mwenye vichwa vitatu kwa kawaida amepita mlango mmoja mara tatu, akibadilisha vivumishi tu. Turudi kwenye kile kiti (namba zilizo hapa ni za mfano, weka za kwako). Ukiingia kwa saa ya siku, unapata: "Saa tisa mchana, na bado hujahamia kitandani." Kwa alichojaribu kikashindikana: "Umeshaweka mito mingapi nyuma ya mgongo?" Kwa hofu yake kabla ya kulipa, kwamba kukiunganisha kutamshinda: "Vipande 9, ufunguo mmoja, dakika 20, kimesimama." Kwa kipimo: "Kinashuka hadi sentimita 40, ili nyayo za mtu mfupi nazo ziguse sakafu." Kwa yule kisiyemfaa: "Kama hukai zaidi ya saa moja kwa siku, usinunue kiti hiki." Huu wa mwisho tunaupenda sana, maana anayekaa saa nane anajua papo hapo kwamba anazungumziwa yeye.

Milango hiyo mitano, vichwa vitano kila mmoja, ni 25. Andika vyote kwa mkupuo bila kufuta. Kumi vya mwanzo kwa kawaida vitakuwa vile ambavyo kila mtu angeviandika. Viache vitoke, ndivyo vinavyoziba njia.

Kuchagua ni kazi ya kesho yake. Somea sauti. Kisha weka jina la mshindani mahali pa jina la bidhaa yako: kichwa kikibaki kweli vilevile, kwa kawaida kinafaa kutupwa, isipokuwa kama kinasema jambo ambalo mshindani ana haki ya kulisema lakini hajalisema. Vitatu vinavyobaki, waonyeshe watu watano wanaofanana na mnunuzi wako, sekunde tano kila kichwa, ukifiche, uulize: "Kinauzwa nini, na kwa nani?" Usiwaulize wanapenda kipi. Watapenda kile chenye madoido.

Tahadhari moja kwa anayeandika tangazo la kiti na kwa yeyote anayegusa afya: kueleza maumivu ya mteja kwa maneno yake ni jambo moja, kuahidi kuyaponya ni jingine. Bila ushahidi wa kitabibu mkononi, usiahidi.

Nina faili la matangazo mazuri ya wengine. Kila nikilifungua, ninachoandika kinafanana mno na nilichosoma. Je, nilitupe?

Usilitupe, badilisha namna ya kulisoma. Chukua tangazo moja, linakili kwa mkono, taratibu, dakika 20 hivi. Mkono utakulazimisha kuona mahali ambapo sentensi imefupishwa na mahali ambapo pingamizi la msomaji limejibiwa. Baada ya hapo andika pembeni kazi ya kila aya bila kutaja bidhaa: "anataja kero," "anakiri udhaifu mmoja," "anatoa namba," "anajibu suala la bei." Sasa funga tangazo, uweke kando, uandike la kwako ukiwa na hiyo mifupa na daftari lako la maneno ya wateja. Nyama itakuwa yako.

Inasaidia sana kukusanya nje ya fani yako. Anayeuza viti asome matangazo ya mbegu, ya bima, ya kozi za lugha. Ukiiga muuza viti mwenzako unarithi hata ahadi zake, na ahadi hizo zimejengwa juu ya ukweli wa bidhaa yake, si yako.

Nifanye nini kama kazi inatakiwa kesho asubuhi? Na je, niiombe programu ya akili bandia inipe mawazo?

Una jioni moja. Saa moja na nusu soma maoni ya wateja na kujaza zile safu nne. Usiiruke hatua hii hata ukiwa umebanwa. Kisha vichwa 25, dakika 40. Kisha lala. Si uvivu: ukiamka, vichwa ambavyo jana vilikuwa vinang'aa vingine vitakuwa vimefifia, na utaona haraka kipi kimebaki. Asubuhi andika kwa vipande vya muda. Eugene Schwartz, mwandishi wa matangazo wa Marekani, alikuwa anaweka saa yake dakika 33 na sekunde 33. Ndani ya muda huo aliruhusiwa kunywa kahawa au kukodolea macho karatasi, lakini hakuruhusiwa kuinuka wala kufanya kazi nyingine. Vipande vitatu vya namna hiyo, na mapumziko ya dakika 10 katikati, vinatosha rasimu ya ukurasa mmoja.

Ukiiuliza akili bandia "nipe tangazo la kiti," itakurudishia "starehe isiyo na kifani." Ipe yale maoni 50, uitake ikupangie kero zinazojirudia na ikuonyeshe maneno halisi ya wateja chini ya kila kero. Kwa kupanga inafaa. Halafu rudi kwenye maoni yenyewe uhakikishe kila nukuu ipo, kwa sababu programu hizi huweza kutunga nukuu ambayo mteja hakuisema, na ikishachapishwa kwenye tangazo, atakayeulizwa ni wewe.