Mawimbi yangu hutoka ya kijivu au yameungua: nirekebishe nini kwenye kamera?

SWALI: Ninatumia kamera ya kubadilisha lenzi pamoja na lenzi ya milimita 70 hadi 300 kupiga picha za mawimbi yanapovunjika karibu na ufuko. Katika baadhi ya picha povu hutoka la kijivu, na katika nyingine huungua likawa doa jeupe tupu, ingawa nimezipiga nikiwa nimesimama mahali pamoja na kwa kupishana dakika chache tu. Isitoshe, maji hayaonekani kuganda wala hayaonekani laini, yanaonekana yamevurugika. Huwa ninaiachia kamera ipange kila kitu, nayo mara nyingi huchagua kasi ya shata (muda ambao pazia la kamera hubaki wazi) kati ya 1/60 na 1/200 ya sekunde. Nifanye nini?

JIBU: Matatizo yako ni mawili, nayo yote yanatokana na kuiachia kamera uamuzi isioweza kuufanya. Nianze na la povu, kwa kuwa ndilo linalowasumbua wengi.

Kipimamwanga cha kamera hakijui kwamba kinatazama povu. Kimeundwa kuchukulia kuwa chochote kilicho mbele yake, kwa wastani, kina mng'ao wa kijivu cha kati. Wimbi linapovunjika na povu likaijaza fremu, kipimamwanga hukuta weupe mwingi na hupunguza mwanga mpaka weupe huo uwe kijivu. Sekunde chache baadaye povu limetawanyika, fremu imejaa maji ya buluu iliyokolea, kipimamwanga kinaongeza mwanga, na utepe mwembamba wa povu uliosalia unaungua. Jua halijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kiasi cha weupe ndani ya fremu. Kwa sababu hiyo sipendekezi kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga kwa kazi hii, ingawa ndicho kinachofundishwa mara nyingi, kwani ungelazimika kuongeza kwa wimbi hili na kupunguza kwa linalofuata, na mawimbi hayamsubiri mtu.

Zungusha gurudumu la kamera hadi herufi M, upange mwanga mwenyewe. Piga picha ya majaribio ya wimbi lililokwisha kuvunjika na kupigwa na jua, kisha uitazame histogramu, yaani grafu ya mwanga wa picha, giza likiwa kushoto na weupe kulia: ongeza mwanga hadi ukingo wa kulia wa grafu ukaribie ukuta bila kuugusa. Baada ya hapo usiguse kitu mpaka wingu lipite au jua lishuke. Hifadhi picha katika faili ghafi (RAW, lenye data yote ya kamera) badala ya JPEG iliyobanwa, kwa maana maji yaliyotoka na giza yanaweza kuangazwa baadaye, ilhali povu lililoungua kabisa halina tena chochote cha kurejeshwa.

Sasa kasi ya shata. Tone lililorushwa na kilele cha wimbi kwa mwendo wa mita 6 kwa sekunde husogea sentimita 10 wakati shata ya 1/60 ikiwa wazi. Kwa 1/1000 husogea milimita 6 tu. Zile sentimita 10 ndizo mvurugiko unaouona: ni nyingi mno kwa tone kuonekana tone, na ni chache mno kwa maji kuchora mistari. Kasi ambazo kamera imekuwa ikikuchagulia ndizo hasa za kuepuka, isipokuwa kama unaizungusha kamera sambamba na wimbi kwa makusudi. Ukitaka wimbi lililoganda, tumia 1/1000 au zaidi, na uongeze ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) bila woga, kwa sababu chembechembe kidogo zinazoletwa nayo hazionekani sana ndani ya povu.

Ukitaka mistari ya maji, nenda upande wa pili: robo sekunde hadi sekunde moja, kamera ikiwa juu ya tripodi, na ufyatue wakati maji yanarudi baharini baada ya kupanda ufukoni, kwa kuwa ndipo yanapochora njia zake kuzunguka mawe. Mchana wa jua kali, ISO 100 na f/16 (tundu dogo la lenzi) huhitaji takriban 1/125. Kichujio cheusi cha hatua 6, kinachopunguza mwanga mara 64, hukufikisha nusu sekunde. Kichujio cha hatua 10 hupunguza mara 1,000 hivi, nacho hugeuza mawimbi kuwa ukungu. Wapo wanaoupenda, kwangu mimi, picha ya wimbi isiyo na wimbi inanipa shida kuitetea.

Kuhusu fokasi, povu na rasharasha huipotosha ile ya kujiendesha. Wimbi huanza kuvunjika kina cha maji kinapokaribia mara 1.3 ya kimo chake, kwa hiyo mawimbi yanayolingana huvunjika karibu mahali pamoja. Yatazame kwanza, weka fokasi hapo, kisha uifunge. Likitokea kubwa kuliko mengine, litavunjika mbali zaidi, na itabidi uisogeze. Jua likiwa chini na nyuma ya wimbi, sehemu nyembamba iliyo chini ya kilele hupitisha mwanga na kung'aa kijani kwa muda mfupi kabla ya kuanguka. Anza kufyatua mfululizo kabla hujaiona, si baada.

Kabla ya kusimama kwenye mwamba, yaangalie maji kwa robo saa nzima, kwani mawimbi makubwa huja kwa makundi na utulivu uliopo kati yake hudanganya. Jua pia kama maji yanajaa au yanakupwa, na usiipe bahari mgongo unapobadilisha lenzi. Chumvi iliyokauka kwenye kioo cha lenzi usiifute ikiwa kavu, maana fuwele zake zinaweza kukwaruza. Ilainishe kwanza kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji yasiyo na chumvi, ndipo uikaushe kwa kingine.